Saa 72: Kwa Nini Tunawafundisha Wanaompokea Aliyebakwa

Katika ziara zetu sharikani robo hii, kamati zaidi ya moja zimetuuliza swali ambalo pia baadhi ya marafiki wanaochangia mradi wametuandikia. Kwa nini sehemu kubwa ya fedha za kukabiliana na ukatili wa kijinsia inakwenda kwenye mafunzo ya wauguzi, wainjilisti na walimu, wakati tungeweza kujenga nyumba ya kuwahifadhi waathirika? Swali ni la haki. Nyumba inaonekana kwa macho, inakatiwa utepe na kupigwa picha. Semina ni watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakiandika kwenye madaftari. Basi tunaomba tueleze, na tutaanza na hesabu ya saa.

Tuchukue mfano, ambao haumhusu mtu yeyote tunayemfahamu. Msichana wa miaka 16 anabakwa Jumamosi saa mbili usiku akitoka dukani. Usiku ule hasemi. Jumapili jioni anamwambia mama yake. Mama, ambaye hana nauli na hajui aanzie wapi, anakwenda kwa mwinjilisti wa mtaa. Mwinjilisti anamfariji, anaomba pamoja naye, kisha anamshauri asubiri hadi Jumanne mchungaji atakaporudi kutoka kikao cha jimbo. Jumanne mchana mchungaji anaita wazee wawili kushauriana. Jumatano asubuhi wanafika polisi kuchukua fomu, na mchana wanafika hospitali. Katika safari hiyo hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alifanya kile alichoona ni busara. Lakini saa 72 zilikwisha Jumanne saa mbili usiku.

Idadi hiyo ya saa haikutungwa na ofisi yetu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio, ambazo wahudumu wa afya huziita PEP, zinatakiwa kuanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Baada ya hapo hazitolewi, kwa kuwa hazitegemewi tena kuzuia. Tunasema “mapema iwezekanavyo” kwa makusudi, maana tumesikia watu wakilichukua neno saa 72 kama ruhusa ya kungoja siku tatu. Saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini, na ya ishirini ni bora kuliko ya sabini. Mgonjwa hupimwa kwanza, kisha humeza dawa kwa siku 28 bila kuruka. Hapo ndipo wengi huishia njiani, kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu hawana mahali pa kuficha kopo la dawa nyumbani. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vina muda wake, yaani siku tano, na hufanya kazi vizuri zaidi vinapotumiwa mapema. Kuna pia dawa za kuzuia magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na sindano ya pepopunda kama kuna majeraha.

Si kila zahanati ina dawa hizi zote. Kwa hiyo jambo la kwanza tunalomfundisha mtumishi wa mtaa ni dogo sana: ajue, kabla tukio halijatokea, ni kituo gani cha karibu chenye PEP, kiko umbali gani, na ni nani mwenye pikipiki anayeweza kuamshwa usiku. Inashangaza ni mara ngapi jambo hilo halijulikani hata kwa watu walioishi mahali pamoja miaka ishirini.

Suala la fomu ya polisi namba tatu, PF3, huchukua nusu siku nzima ya semina, na hatujuti. Wananchi wengi wanaamini kwamba bila PF3 hospitali haiwezi kumgusa aliyebakwa, na wapo wahudumu wanaoamini hivyo pia. Fomu hiyo ni ya ushahidi. Ni muhimu, na daktari au tabibu anatakiwa kuijaza kwa uangalifu, kwa maandishi yanayosomeka, akieleza alichokiona na si anachokidhania. Lakini kidonge hakisubiri karatasi. Anayevuja damu, au ambaye saa zake zinayoyoma, aanze kutibiwa, na fomu ifuatwe wakati huo huo na mtu mwingine. Katika vituo vikubwa vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mtu husikilizwa faragha badala ya kusimulia kaunta mbele ya watu waliokuja kushtaki wizi wa kuku. Baadhi ya hospitali, kama Amana ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja ya Zanzibar, zimekuwa na kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Sharika zetu nyingi ziko mbali na huduma kama hiyo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuwafanya watu wa ofisi tatu zilizotengana wafahamiane kwa majina na kupigiana simu.

Kuhusu ushahidi, somo ni la jikoni kabisa. Aliyebakwa asioge wala kufua kabla ya kupimwa, ikiwezekana. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa gazeti safi, zisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu nailoni hutunza unyevu, na unyevu huozesha kile ambacho Mkemia Mkuu wa Serikali angeweza kukipima. Lakini kama ameshaoga, na wengi huwa wameshaoga, aende hivyo hivyo. Tumewasikia akina mama wakisema “ameshaoga, haina maana tena”. Maana ipo, kwa sababu dawa haijali kama ameoga.

Sehemu ya semina inayoleta ubishi mkubwa zaidi ni ile inayohusu dhana tulizokulia. Ya kwanza ni kelele. “Kama alibakwa, mbona hakupiga kelele?” Wataalamu wa afya ya akili wameeleza kwa muda mrefu kwamba mwili wa binadamu ukipatwa na hofu kubwa unaweza kuganda: sauti haitoki, miguu haiendi. Anayeganda hajakubali. Ya pili ni alama. Watu hutegemea daktari aseme kwa kutazama tu kama binti ameingiliwa au la, ilhali wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba kile kinachoitwa kupima bikira hakina msingi wa kisayansi. Sheria yetu nayo inasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha kuwa kosa, na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi ulio bora katika kosa hili ni wa mwathirika mwenyewe. Ya tatu ni mpangilio wa maelezo. Mtu aliyetikiswa hukumbuka vipande: harufu, mlio wa redio ya jirani, kisha jambo la katikati kabla ya la mwanzo. Msikilizaji asiyefundishwa huona uongo hapo. Aliyefundishwa huandika vipande vile alivyopewa, bila kuvishona mwenyewe.

Na asikilizeje? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri hatua ambazo hata mzee wa kanisa asiye na cheti anaweza kuzishika. Msikilize bila kumkatiza, muulize anahitaji nini sasa hivi, mwonyeshe kwamba unamwamini, hakikisha usalama wake wa leo usiku, kisha mpeleke kwa wanaoweza kumsaidia zaidi. Usimlazimishe kusimulia yote. Ukishajua kwamba amebakwa na lini, unajua vya kutosha kuanza safari ya hospitali. Mengine yatasemwa mbele ya daktari na polisi, na kila mara anaporudia simulizi anaumia upya. Maneno tunayofanyia mazoezi ni mafupi: “Pole sana. Si kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia.” Washiriki huona ni mepesi mno, mpaka wajaribu kuyasema wawili wawili bila kuongeza “lakini ulikuwa unatafuta nini huko usiku?” Swali hilo huwatoka hata watu wapole. Tunaongeza pia kwamba wavulana hubakwa na kulawitiwa, na kwamba wao huchelewa kusema kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza.

Sasa tuseme jambo linalozihusu kamati za sharika moja kwa moja. Desturi ya kukutanisha familia mbili ili “yaishe nyumbani”, kwa ng'ombe, kwa fedha au kwa ahadi ya ndoa, bado ipo, na mara nyingine viongozi wa dini ndio wanaokalia kiti cha mbele. Kubaka ni kosa la jinai, na mwenye kesi ni Jamhuri. Familia haina mamlaka ya kuiuza, wala baraza la wazee halina mamlaka ya kuifunga. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoirekebisha Kanuni ya Adhabu, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kwa msichana wa miaka 16 kama wa mfano wetu, sheria haiulizi kama aliridhia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuripoti kwa serikali ya mtaa au kijiji. Hapo hakuna hiari. Mtu mzima ni tofauti: yeye ndiye anayeamua kama anakwenda polisi, nasi tunamweleza faida na uzito wa kila njia bila kumsukuma. Lakini hata asipotaka polisi, tunamhimiza afike hospitali.

Na kama mtuhumiwa ni mtumishi wa kanisa, mwalimu wa kwaya, au mtoaji mkubwa wa usharika? Msimamo tunaoufundisha haubadiliki. Taarifa inakwenda polisi na ustawi wa jamii, mtuhumiwa anakaa pembeni na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, na hakuna kikao cha ndani kinachotangulia. Washiriki fulani waliona somo hili ni gumu kuliko ya kitabibu. Tunakubaliana nao kwamba ni gumu.

Siri ni somo lililo karibu na hilo. Sharikani kwetu habari husafiri kwa njia ya maombi. Mtu husimama kwenye ibada ya nyumba kwa nia njema na kusema “tumkumbuke binti wa mama fulani kwa yaliyompata”, na kufikia asubuhi kijiji kizima kinajua. Tumekubaliana na viongozi waliofundishwa kwamba mambo haya hayaombewi kwa kutajwa, na kwamba daftari la rufaa haliandikwi jina bali namba, nalo linafungiwa kwenye kabati lenye ufunguo mmoja. Kabati ni moja ya vitu ambavyo wafadhili walituuliza kwenye taarifa ya fedha. Ndiyo, tulinunua makabati.

Vitu vingine tulivyonunua havina mvuto zaidi ya hivyo. Kuna sanduku dogo linalowekwa kwa mtumishi wa usharika lenye kanga mbili, nguo za ndani mpya, pedi, sabuni, bahasha za kaki na fedha ya pikipiki ndani ya bahasha iliyosainiwa. Kanga ni kwa sababu nguo za mwathirika hubaki kwa ajili ya uchunguzi, na tumeelezwa na wauguzi kwamba wanawake wamewahi kuondoka hospitali wakiwa wamejifunga shuka. Kuna karatasi yenye namba za simu, ikiwemo 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Kwa nini mafunzo yanarudiwa kila mwaka? Kwa sababu watu huhamishwa. Askari wa dawati aliyefahamiana na muuguzi wetu hupelekwa wilaya nyingine, tabibu huenda masomoni, mwinjilisti hubadilishiwa mtaa. Na kwa sababu wanaosikiliza huchoka. Muuguzi aliyepokea watoto watatu kwa mwezi mmoja haachi mambo hayo mlangoni anaporudi nyumbani. Hulala vibaya, huwa mkali, mwisho huomba kuhamia wodi nyingine. Ndiyo maana bajeti ina mstari wa vikao vya kila robo mwaka vya wahudumu wenyewe, bila wageni na bila taarifa, wakiongozwa na mtu mwenye taaluma ya ushauri nasaha. Ni mstari ambao hupendekezwa kukatwa kila fedha zinapopungua. Tumeutetea hadi sasa, na tutaendelea kuutetea.

Kuhusu nyumba ya hifadhi, hatuipingi. Ila nyumba inahitaji mlinzi, mhudumu wa usiku, chakula na kibali cha ustawi wa jamii kila siku kwa miaka mingi baada ya utepe kukatwa, na anayefika hapo ni yule aliyekwisha kupokelewa vizuri na mtu wa kwanza. Kwa sasa tunatumia familia zilizochunguzwa na ofisi ya ustawi wa jamii, kwa siku chache.

Kwa kamati za sharika: fomu ya kupendekeza washiriki wawili, mmoja awe mwanamke, inapatikana ofisi ya mkuu wa jimbo. Tunaomba msilete mwenyekiti kwa sababu tu ni mwenyekiti. Leteni yule ambaye watu humwendea na shida zao usiku. Sharika ambazo bado hazijarudisha karatasi ya namba za simu za kituo cha afya na cha polisi kilicho karibu, tafadhali ijazeni na kuibandika ndani ya mlango wa ofisi kabla ya kututumia nakala.