Matawi ya Msituni, Rutuba ya Shamba

Upunguzaji wa miti ni kazi ya kuondoa baadhi ya miti katika shamba la miti kabla ya umri wa kuvunwa, ili ile inayobaki ipate mwanga, maji na virutubisho vya kuiwezesha kunenepa na kunyooka. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huanza na miti ipatayo 1,111 kwa hekta, na kwa kuwa shamba la mbao hufikia mavuno ya mwisho likiwa na mia chache tu kati ya hiyo, mingine huondolewa kwa awamu, na kila awamu huacha chini matawi, vilele, majani, magamba na vigogo vyembamba visivyofaa kupasuliwa. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambako wilaya ya Mufindi ina shamba la miti la serikali la Sao Hill, kubwa kuliko mengine yote nchini, na ambako wananchi wengi wa Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete wana mashamba yao ya paina na milingoti, mabaki hayo ni mengi kiasi kwamba huchukuliwa kuwa uchafu wa kuondolewa haraka.

Njia ya haraka iliyozoeleka ni kuyachoma. Moto husafisha eneo kwa siku moja, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa ndani ya majani hupaa pamoja na moshi, na madini yanayobaki kwenye jivu, kama vile potasiamu na kalisi, husombwa kirahisi na mvua za kwanza, hasa kwenye miteremko. Kuyaacha yamerundikana ovyo nako kuna hatari yake, kwa sababu katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba malundo hayo hukauka na kuwa chakula cha moto unaoweza kuteketeza kazi ya miaka kumi na tano. Kati ya kuchoma na kutelekeza ipo njia ya tatu, nayo ni kuyageuza mabaki kuwa mboji, yaani mbolea ya mabaki ya viumbe yaliyooza na kuiva, au kuwa matandazo, yaani tabaka la kufunika udongo.

Hata hivyo, mwenye haki ya kwanza juu ya mabaki ni msitu wenyewe. Kwa kila kilo, majani, vijitawi na magamba hubeba virutubisho vingi zaidi kuliko shina, hivyo anayekusanya kila kitu na kukipeleka nje huudhoofisha udongo utakaokuza miti ya mzunguko unaofuata. Utaratibu mwema ni kuacha majani na vijitawi palepale, yakiwa yamelazwa kwa mistari ya kontua ili kupunguza kasi ya maji na kunasa udongo, kisha kutoa matawi manene, vilele na vigogo vyembamba. Mkulima aliye karibu na viwanda vya kupasua mbao, kama vile vya Mafinga, ana chanzo kingine katika vumbi la mbao na magamba yanayorundikana huko, ambayo yamekwisha kutoka msituni na hayana njia ya kurudi.

Kinachowashinda wengi wanaojaribu kutengeneza mboji kwa mabaki ya miti ni uwiano wa kaboni na naitrojeni. Bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki hutumia kaboni kama chanzo cha nguvu na naitrojeni kama kitu cha kujengea miili yao, nao hufanya kazi vizuri pale lundo linapokuwa na kaboni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Samadi mbichi ya ng'ombe huwa na uwiano wa karibu 20 kwa 1, ilhali vumbi la mbao laweza kufikia 400 kwa 1 au zaidi, na juu ya hayo mti una lignini, kiungo kigumu kinachoshikamanisha nyuzi zake na ambacho ni kuvu wachache tu wanaoweza kukivunja. Kwa hiyo lundo la mbao tupu hukaa miaka bila kuiva, si kwa sababu mti haufai kwa mboji, bali kwa sababu viumbe wanaouozesha wana njaa ya naitrojeni.

Tiba yake ni kuchanganya. Kipimo kinachofaa kuanzia ni sehemu moja ya vipande vya mti kwa sehemu mbili za samadi na majani mabichi, kama vile majani ya maharage, ya lukina au ya tithonia, kichaka chenye maua ya njano mithili ya alizeti ambacho humea kando ya barabara nyingi za nyanda za juu. Matawi hukatwa vipande vifupi kwa panga au mashine, kwa kuwa kipande kidogo huwapa viumbe eneo kubwa la kushambulia, kisha hupangwa kwa tabaka na samadi hadi kimo cha mita 1 hadi 1.5, kimo kinachotosha kuhifadhi joto bila kuzuia hewa. Unyevu huwa sawa ikiwa konzi ya mchanganyiko ikiminywa hutoa tone moja au mawili ya maji. Ndani ya siku chache katikati ya lundo hufikia nyuzi joto 55 hadi 65, na likigeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu ili sehemu za nje nazo zipite katikati, joto hilo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Mboji iliyoiva, ambayo kwa mabaki ya miti huchukua miezi sita hadi mwaka, huwa nyeusi, imepoa, na hunukia udongo.

Asiye na samadi ya kutosha hana sababu ya kukata tamaa, kwa maana matandazo hayahitaji uwiano huo. Vipande vya mti vikifukiwa ardhini kabla ya kuoza, viumbe huivuta naitrojeni ya udongo na mazao hugeuka manjano, lakini vikitandazwa juu, mvutano huo huishia kwenye tabaka jembamba la juu ambalo mizizi mingi hailifikii. Tabaka la sentimita 5 hadi 10 huzuia jua lisinyonye maji ya udongo, hudhoofisha magugu na hupunguza nguvu ya matone ya mvua. Miparachichi, ambayo imeenea sana Njombe, hunufaika mno, kwani mizizi yake ya kulishia iko karibu na uso wa ardhi na hupenda kujipenyeza kwenye mabaki yanayooza. Hofu kwamba majani ya paina huchachusha udongo imezidishwa, kwa sababu uchachu wake hupungua kadiri yanavyooza.

Zipo tahadhari zisizopaswa kupuuzwa. Majani mabichi ya milingoti yana mafuta yanayozuia mbegu kuota, hivyo yaozeshwe kwanza. Matandazo yakae sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye shina, ili yasilete uozo wala kuwaongoza mchwa kwenye mche mchanga, na yasirundikwe karibu na nyumba wakati wa kiangazi. Mabaki ya nguzo na mbao zilizotiwa dawa yasiingizwe kabisa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina madini ya sumu yasiyooza.

Kikwazo kikubwa kinachobaki ni usafirishaji, maana mabaki huchukua nafasi kubwa yakilinganishwa na uzito wake na gharama ya gari humaliza faida upesi. Jawabu liko katika kuozesha kandokando ya shamba la miti, karibu na mashamba ya chakula, na katika wakulima kuchangia mashine moja ya kukatakata matawi badala ya kila mmoja kuhangaika peke yake. Kila mpango wa kupunguza miti unapaswa kueleza, kabla ya mti wa kwanza kuangushwa, ni mabaki gani yatakayobaki msituni, yapi yatakayotoka, na samadi ya kuyaozesha itatoka wapi. Mpango usiojibu maswali hayo haujakamilika, hata kama hesabu yake ya mbao ni sahihi.