Baiskeli yenye injini: Kuifunga ni kazi ya siku mbili, kuisimamisha ni kazi nyingine

KATIKA magereji ya nyumbani nchini Marekani, hususan jimbo la California, ipo kazi iliyowateka wapenzi wengi wa vyombo vya moto. Huchukua baiskeli nzito ya kutembelea ufukweni, ile yenye matairi manene, tandiko pana na usukani uliopinda kumwelekea mwendeshaji, kisha huifungia injini ndogo ya petroli.

Kazi hiyo si ngumu kama inavyodhaniwa. Mtu mwenye seti ya spana, bisibisi na subira anaweza kuikamilisha Jumamosi na Jumapili. Ugumu upo kwingine. Baiskeli hiyo iliundwa ili isukumwe na miguu ya binadamu, na breki zake ziliundwa kwa mwendo huo huo.

Baiskeli za aina hiyo, zinazojulikana kama kruza, zilianzia mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kampuni ya Schwinn ya Chicago iliingiza sokoni modeli iliyoitwa B-10E, yenye matairi ya upana wa inchi 2.125, tofauti kabisa na matairi membamba yaliyokuwa yakitumika Marekani hadi wakati huo. Soko lililolengwa lilikuwa la watoto na vijana, nao walitamani pikipiki. Ndiyo maana baiskeli nyingi za miaka hiyo zilipachikwa tangi la bandia kati ya mabomba ya juu ya fremu, tangi lisilo na hata tone la mafuta.

Haikuchukua muda kabla ya tangi hilo kupata mafuta ya kweli. Mwaka 1939, kampuni ya Breene-Taylor Engineering ya Los Angeles, iliyokuwa ikitengeneza vipuri vya ndege, ilianza kuuza injini iliyopewa jina la Whizzer, ambayo mnunuzi aliifunga mwenyewe kwenye baiskeli aliyokuwa nayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, injini hizo ziliuzwa kwa wafanyakazi wa viwanda vya ulinzi waliohitaji usafiri wa kwenda kazini. Kwa hiyo anayefunga injini leo anaendeleza mazoea yenye umri wa zaidi ya miaka 80.

Seti zinazotumika zaidi sasa hutengenezwa China. Ndani ya boksi moja mnunuzi hukuta injini, kabureta, tangi dogo, bomba la moshi, mnyororo, gia la nyuma, waya za klachi na za mafuta, pamoja na mfuko wa bolti ambazo mafundi wengi wenye uzoefu huzitupa na kununua nyingine zilizo imara zaidi. Kwa miaka mingi seti hizo zimeuzwa kwa bei iliyo chini ya dola 200 za Marekani.

Injini yenyewe ni ya mipigo miwili, jamii moja na zile za misumeno ya kukatia miti na baadhi ya mashine za boti. Wavuvi wa mwambao wanaujua utaratibu wake: haina oili yake ya pembeni, hivyo oili huchanganywa ndani ya petroli. Kwa injini mpya, maelekezo mengi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 16 za petroli, yaani mililita 62 hivi kwa kila lita. Injini ikishazoea, oili hupunguzwa. Anayesahau kuchanganya hukwamisha pistoni katika safari ya kwanza.

Tangazo la ukubwa wa injini nalo linahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nyingi huuzwa kwa jina la "sisi 80", lakini kipimo hakikubaliani na jina. Silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na pistoni inayosafiri milimita 38 hutoa ujazo wa sisi 66 tu. Hata hivyo nguvu yake si ya kudharauliwa. Mwendeshaji wa kawaida hutoa kwa miguu yake wati 100 hivi kwa safari ndefu. Injini hizo hutajwa na wauzaji kuwa na nguvu ya farasi 2 hadi 3, na farasi mmoja ni wati 746.

Injini hukaa katika pembe ya chini ya fremu, kati ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani na lile linalobeba tandiko. Bomba la mbele la kruza mara nyingi ni nene kuliko kishikio kilichomo katika boksi, na hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika: fundi wa nyumbani hutoboa fremu ili apitishe bolti. Tundu hilo hudhoofisha bomba mahali panapobeba mtetemo mkubwa kuliko pengine pote. Njia salama ni kutumia kishikio kipana kinacholikumbatia bomba bila kulitoboa.

Kosa la pili lipo kwenye gurudumu la nyuma. Mnyororo wa miguu hubaki upande wa kulia kama kawaida, na mnyororo wa injini hupita kushoto. Gia la injini, ambalo kwa kawaida huwa na meno 44, hubanwa juu ya spoku kwa bolti 9, spoku zikiwa katikati ya vipande viwili vya mpira. Spoku za kawaida zenye unene wa milimita 2 hazikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Gia likikaa upande hata kidogo, mnyororo huyumba, huruka meno na hatimaye hutoka. Waliokwisha kuchoshwa na mtindo huo hununua kishikio cha chuma kinachobana gia kwenye habu yenyewe na kuziacha spoku zifanye kazi yake ya siku zote, au husuka gurudumu upya kwa spoku nene zaidi.

Lakini kifaa kinachoogopwa kuliko vyote ni kidogo na hakina sura ya hatari. Ni roda ya kukaza mnyororo, inayofungwa kwenye bomba la fremu karibu na gurudumu kwa bolti mbili. Mtetemo ukizilegeza, roda huzunguka juu ya bomba na kuingia ndani ya spoku. Gurudumu la nyuma hukwama papo hapo. Kwa mwendo wa kutembea, hilo ni tukio la kuchekesha. Kwa kilomita 40 kwa saa, ni safari ya hospitali.

Mwendo huo haupatikani kwa bahati. Ndani ya injini mzunguko hupunguzwa mara 4.1, kisha gia dogo la meno 10 na lile la meno 44 huupunguza tena mara 4.4. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 huzunguka mara 330 hivi, na baiskeli hukimbia takriban kilomita 41 kwa saa. Wapo wanaobadilisha gia la nyuma na kuweka la meno 36, na mahesabu hayo hayo huwafikisha kilomita 50.

Hapo ndipo suala la breki linapojitokeza. Kruza nyingi huja na breki moja tu, iliyo ndani ya habu ya nyuma, ambayo hushika mwendeshaji anaporudisha pedali nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa inatosha. Nguvu inayohitajika kusimamisha chombo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo baiskeli inayokwenda kilomita 45 kwa saa inabeba nguvu mara 9, si mara 3, ya ile inayokwenda 15. Nguvu yote hiyo lazima igeuke kuwa joto ndani ya habu ndogo iliyojaa grisi.

Nini hutokea grisi hiyo inapopata joto kupita kiasi? Jibu lilipatikana California bila hata injini kuhusishwa. Mwaka 1976, vijana wa kaunti ya Marin walianza kushindana kuteremka mlima karibu na mji wa Fairfax wakiwa juu ya baiskeli za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940. Walipofika chini, breki za habu zilikuwa zimechemka na grisi imegeuka moshi, na kila mmoja alilazimika kufungua habu na kuijaza grisi mpya. Mashindano hayo yaliitwa Repack, yaani "jaza upya", na ni miongoni mwa vyanzo vya baiskeli za milimani za leo.

Breki hiyo ina udhaifu mwingine usiozungumzwa sana: hutegemea mnyororo wa miguu. Mnyororo ukikatika au ukitoka, breki imekwenda nao. Baiskeli yenye injini ikiwa haina breki nyingine, mwendeshaji hubakiwa na soli za viatu vyake.

Kwa sababu hiyo, mafundi makini huanza na breki kabla ya kugusa injini. Huongeza breki ya mbele, kwa kuwa wakati wa kusimama uzito wa mwendeshaji huhamia mbele na gurudumu hilo ndilo linaloshika barabara zaidi. Kama foki haina tundu la kufungia breki za rimu, hununua foki nyingine yenye nafasi ya breki ya diski, au habu ya mbele yenye breki ya dramu ndani yake. Gharama ya kazi hiyo inaweza kufikia au kupita bei ya injini, na bila shaka ndiyo maana wengi huiahirisha. Mkono wa kushoto nao tayari una kazi ya klachi, hivyo hutumika mpini mmoja wa kulia unaovuta waya mbili kwa pamoja, mmoja wa mbele na mwingine wa nyuma.

Baada ya hapo ndipo huja mapambo, ambayo kwa wengi ndiyo starehe yenyewe: matairi yenye ukingo mweupe, usukani mrefu, foki yenye springi, rangi ya kung'aa na tandiko la ngozi. Mtindo unaopendwa mno ni wa kuiga pikipiki za mashindano za miaka ya 1910, zenye usukani ulioshuka chini na tangi jembamba. Wanaoupenda huenda hawakumbuki kwamba pikipiki hizo, zilizokimbia juu ya viwanja vya mbao, hazikuwa na breki. Tarehe 8 Septemba mwaka 1912, katika kiwanja cha Newark, New Jersey, ajali moja iliwaua washindani wawili, Eddie Hasha na Johnny Albright, pamoja na watazamaji kadhaa. Sura ya pikipiki hizo inaweza kuigwa bila hasara yoyote, mradi breki ziwepo.

Siku hizi wengi wameacha petroli na kufunga mota ya umeme ndani ya habu, ambayo haina moshi, oili wala kelele za kuwaamsha majirani. Tahadhari inayotakiwa hapo ni ya betri. Betri za lithiamu zilizounganishwa ovyo, au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kulipuka na kuwaka moto usiozimika kirahisi. Katika Jiji la New York, moto uliotokana na betri za aina hiyo uliua watu 18 mwaka 2023. Mwaka huo huo jiji hilo lilianza kutumia sheria inayozuia kuuza baiskeli za umeme na betri ambazo hazijathibitishwa usalama wake. Anayejisukia betri mwenyewe sebuleni hana cheti cha namna hiyo.

Sheria za barabarani nazo hutofautisha vyombo hivyo viwili. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2002, baiskeli ya umeme yenye pedali, mota isiyofikia wati 750 na mwendo usiofikia maili 20 kwa saa, sawa na kilomita 32, huhesabiwa kama baiskeli katika kanuni za usalama wa bidhaa. Ya petroli haina nafuu hiyo. Katika jimbo la California hutazamwa kama pikipiki ndogo: nguvu yake isifike farasi 4, mwendo wake usizidi maili 30 kwa saa, na mwendeshaji awe na leseni ya pikipiki na kofia ngumu. Aliyebadilisha gia ili afike kilomita 50 amevuka mpaka huo, hata kama baiskeli yake bado ina pedali na kengele.

Safari ya kwanza hufanywa mahali pasipo na magari, kwa mfano kiwanja cha maegesho siku ya mapumziko. Mwendeshaji hubana klachi, hukanyaga pedali hadi baiskeli ishike mwendo, kisha huachia klachi taratibu na injini hunguruma. Kabla ya kuongeza mafuta, hujaribu kusimama mara kadhaa kwa breki ya mbele peke yake, kisha kwa ya nyuma peke yake. Baada ya kilomita chache huzima, husubiri injini ipoe na hupitisha spana kwenye kila bolti: vishikio vya injini, bomba la moshi, gia la nyuma na ile roda ya mnyororo. Mara nyingi spana hukuta nati moja au mbili ambazo zimeshaanza kulegea.