Homa ya Papasi katika Njia ya Misafara

Kila mkazi wa Tabora ajua kwamba mji wake ulikuzwa na misafara. Toka Bagamoyo hadi Ugogo, toka Ugogo hadi Unyanyembe, kisha Ujiji na ng'ambo ya ziwa hata Kasongo katika Kongo, wapagazi walipita na mizigo yao, na usiku wakalala katika vibanda vya njiani. Humo vibandani aliwangoja papasi. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake, kwani homa aletayo ingaliko, na aghalabu hudhaniwa kuwa malaria.

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo. Usiku hutoka, huuma, hushiba upesi, kisha hurudi mafichoni. Aweza kukaa miaka kadhaa bila chakula asife.

Elimu ya homa hii ilinunuliwa kwa roho za watu. Mwaka 1905 Daktari Joseph Dutton wa Liverpool, aliyekuwa akiichunguza, aliambukizwa naye akafariki huko huko Kasongo, umri wake miaka 30. Mwaka huo huo Robert Koch, mtaalamu wa Kijerumani, aliwachunguza papasi katika vituo vya misafara vya nchi yetu. Akaona kwamba papasi jike hurithisha vijidudu kwa mayai yake. Kwa hiyo kibanda kilichohamwa na watu chaweza kubaki na hatari.

Homa yenyewe ina hila. Humshika mtu kwa siku chache, ikamwacha, naye akadhani amepona. Baada ya siku kadhaa ikarejea. Wanaodhurika zaidi ni wajawazito na watoto wachanga: mimba huweza kuharibika, na mtoto akazaliwa mgonjwa au akafa. Huko Ugogo, katika vijiji vya Mvumi, watafiti walitangaza mwaka 2003 kwamba wamegundua aina nyingine ya vijidudu hivi. Basi uchunguzi ulioanza zama za misafara haujakoma.

Hapa ndipo hospitali inapohitaji msaada wa mgonjwa. Siku hizi malaria hupimwa kwa kipimo cha haraka, nacho ni kizuri kwa kazi yake. Lakini hakionyeshi homa ya papasi. Vijidudu vyake, vilivyo mfano wa uzi uliosokotwa, huonekana damu ikitazamwa kwa hadubini, na huonekana vema zaidi wakati homa ingali juu. Kwa hiyo, homa ikikurudia, usingoje ishuke. Nenda hospitali, nawe umwambie mganga mambo matatu: homa ilianza lini, iliacha na kurudi mara ngapi, na ulilala katika nyumba ya namna gani.

Dawa zipo, nazo ni za kawaida, kama penisilini. Ila saa za kwanza baada ya dawa mgonjwa huweza kutetemeka sana na homa ikapanda, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi. Ndiyo maana wauguzi hutaka abaki chini ya macho yao. Jamaa wasimtoroshe wakisema dawa imemzidishia ugonjwa.

Na nyumbani je? Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu vizuri humnyima papasi maficho. Asiye na uwezo huo na azibe nyufa kila mara, asilaze watoto chini, na akitandike kitanda mbali na ukuta.

Ndugu zetu, dini yetu imeutukuza usafi na kutuamrisha kumkirimu mgeni. Wageni wa zamani walipewa kibanda chenye papasi kwa kuwa watu hawakujua. Sisi tunajua. Tuizibe leo ile nyufa iliyo karibu na kitanda cha mtoto na cha mgeni.