Sumukuvu Inapofika Kwenye Ini

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2004, wakazi wa Makueni, Kitui na maeneo jirani ya mashariki mwa Kenya walianza kufika hospitalini macho yakiwa ya manjano. Kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Kilichowaua kilikuwa ndani ya mahindi waliyovuna wenyewe. Chakula kilikuwa haba, na familia nyingi, kwa kuhofia wezi, ziliyahifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Humo yakaota kuvu wanaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 balaa hilohilo likaingia Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

Kwa nini ini ndilo lililoumia? Ini la mtu mzima lina kilo kama moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Karibu robo tatu ya damu inayoingia humo hutoka kwenye utumbo na viungo jirani, ikiwa imebeba kile kilichonyonywa kutoka kwenye chakula. Ini hupokea mzigo huo kabla ya moyo na kabla ya ubongo. Huweka akiba ya sukari, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huunda protini za kugandisha damu, na hugeuza amonia kuwa urea ili figo ziitoe.

Ukizijua kazi hizo, dalili za ini kuumia zinaeleweka. Macho huwa ya manjano kwa sababu bilirubini, rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, imeshindwa kutoka kupitia nyongo. Tumbo hujaa maji pale makovu yanapoziba njia ya damu ndani ya ini na protini ya albumini inapopungua. Mgonjwa anayeanza kuweweseka au kusahau majina ya wanawe huenda amonia imemfika kwenye ubongo, wala hajarogwa.

Linalonishtua zaidi ni namna sumukuvu inavyofanya kazi. Inapoingia mwilini bado haina uwezo wa kung’ang’ania vinasaba. Ini, likijaribu kuibadili ili itolewe, huigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye vinasaba vya seli zake lenyewe. Lina kinga, kemikali iitwayo glutathioni inayokidaka kitu hicho, lakini sumu ikizidi kinga huelemewa. Parasetamoli huharibu ini kwa njia inayofanana na hiyo: dozi sahihi ni salama, dozi kubwa mno humaliza glutathioni. Ndiyo maana nasikitika kuona watu wakinunua chupa za dawa za “kusafisha ini” zisizojulikana zimechanganywa nini. Kila kilichomo humo kitapita kwenye ini lilelile, na baadhi ya mitishamba imethibitika kuliharibu.

Kuchemsha ugali hakuiondoi sumukuvu. Inastahimili moto wa jikoni. Kazi hufanyika mapema zaidi: kuanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu, na kuhakikisha yamekauka kabla ya kufunga gunia. Wapo wakulima wanaopima kwa chumvi. Tia punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi.

Ini lina maadui wengine. Pombe na mafuta yanayojazana kwenye ini hulitia makovu polepole. Kwa wavuvi wa Ziwa Victoria, mayai ya kichocho hukwama ndani yake hadi mtu atapike damu. Lakini anayeungana na sumukuvu kwa ubaya zaidi ni kirusi cha homa ya ini aina ya B. Kila kimoja peke yake huongeza hatari ya saratani ya ini. Vikikutana katika mwili mmoja, hatari huongezeka maradufu kadhaa. Kirusi hicho hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na mtoto mchanga anayekipata kwa kawaida hubaki nacho maisha yote, mara nyingi bila dalili kwa miaka mingi.

Chanjo yake hutolewa kliniki mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kenya na Tanzania ziliiingiza katika chanjo za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Wao wanahitaji kipimo cha damu. Asiye na kirusi anaweza kuchanjwa hata sasa. Aliye nacho hufuatiliwa na daktari, na akihitaji dawa hupewa tenofoviri, ileile inayotumika kutibu VVU.