Mchezo wa bure, mchango na bei: kisa cha DikuMUD

Kitu kikitolewa bure, je, aliyekipokea anaweza kukitumia kujipatia fedha? Wengi wetu tukipakua mchezo kwenye simu tunaona neno "bure" na kudhani mwenyewe ameachia kila kitu. Tutazame mfano wa zamani, ambapo swali hilo lilizua ugomvi wa miaka mingi.

DikuMUD ni programu ya mchezo wa intaneti usio na picha. Unasoma maelezo ya chumba au msitu, unaandika unakotaka kwenda au unayetaka kupigana naye, na wachezaji wengine wamo humo pia. Iliandikwa na wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, ikatolewa mwaka 1991. Mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kualika watu wacheze.

Ila leseni ilikuwa na masharti makali. Majina ya watunzi yasifutwe. Faida isipatikane kwa njia yoyote. Hata zile dola 5 ambazo watu walizoea kutoza kwa kutuma disketi zilitajwa na kukatazwa.

Tatizo likaja kwenye seva, yaani kompyuta inayobeba mchezo. Haizimwi usiku wala mchana, na gharama zake lazima mtu azilipe. Baadhi ya waendeshaji wakaomba michango. Wengine wakaenda mbali zaidi: ukichangia, unapewa silaha kali ndani ya mchezo. Walipoulizwa, wapo waliosema fedha hazizidi gharama, kwa hiyo si faida. Wapo pia waliodai programu wameshaiandika upya, kwa hiyo leseni haiwahusu tena.

Sisi hoja ya silaha haituingii akilini. Anayetoa rambirambi msibani hadai kuku wa kuondoka naye. Akidai, na akapewa, hayo ni mauzo, hata kama bahasha imeandikwa "mchango".

Mwaka 2020 watunzi wenyewe walibadilisha leseni, wakatumia ile iitwayo LGPL, ambayo haikatazi kupata fedha. Lakini michezo, picha na nyimbo nyingi za intaneti bado zina sharti la zamani. Kwenye leseni za Creative Commons, tafuta herufi NC: maana yake si kwa biashara. Ukiziona na unataka kutoza kiingilio, mwandikie mwenye kazi kwanza umwombe ruhusa.