Asidi, alkali na mtego wa neno "kali"

Mwanafunzi wa shule ya msingi anapoanza somo la asidi na alkali hukutana na maneno matatu yanayofanana kwa sauti: nomino *tindikali*, nomino *alkali* na kivumishi *-kali*. Tangu utotoni amesikia kwamba ndimu ni kali. Mwalimu anamwambia kwamba maji ya ndimu yana asidi. Kisha analiona neno *alkali* limeandikwa ubaoni na, kwa kufuata sikio lake, anahitimisha kwamba alkali nayo ni asidi, pengine iliyo kali zaidi. Hitimisho hilo lina mantiki ya lugha, lakini linapingana na kemia. Makala haya yanaeleza maneno hayo yametoka wapi, yanatofautianaje, na jinsi mwalimu na mfasiri wanavyoweza kuyatumia bila kumpoteza msomaji. Mifano mingi inatoka Maruku, Bukoba, kwa kuwa udongo na jiko la huko vinalifundisha somo hili vizuri.

Asili ya maneno

*Asidi* limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka neno la Kilatini *acidus*, lenye maana ya "-chachu". Kwa hiyo jina lenyewe linataja ladha.

*Alkali* limetokana na Kiarabu *al-qaly*, yaani majivu ya mimea iliyochomwa. Silabi ya kwanza ni kiambishi cha Kiarabu kinachoonyesha kuwa kitu kinajulikana. Kiini cha neno ni *qaly*. Kivumishi *-kali*, kwa upande wake, ni cha Kibantu. Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Yamekutana kwa bahati tu.

Jamaa wa kweli wa *alkali* anapatikana kwenye mfuko wa mbolea ya NPK. Herufi K ni alama ya potasiamu, na imetokana na jina *kalium*, ambalo nalo limetokana na *qaly*. Wanakemia waliiita hivyo kwa sababu majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi.

*Besi* ni neno pana kuliko *alkali*. Besi ni kitu chochote kinachoiondolea asidi nguvu zake na kutengeneza chumvi na maji. Alkali ni besi inayoyeyuka katika maji. Hivyo kila alkali ni besi, lakini si kila besi ni alkali: oksidi ya shaba ni besi, ila haiyeyuki katika maji. Izingatiwe pia kwamba *chumvi* katika kemia ni kundi zima la kampaundi, na chumvi ya mezani ni mojawapo tu.

Majivu, kibanja na rweya

Maruku ni mahali panapojulikana kwa kituo cha utafiti wa kilimo, hasa cha migomba. Katika ukanda huo wa Ziwa Victoria mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Maji mengi yanapopenya ardhini, huchukua kalsiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzishusha chini, mbali na mizizi. Nafasi zake hushikwa na haidrojeni na aluminiamu. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba udongo una asidi.

Kiasi cha asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmaki, S. P. L. Sørensen. Kwa kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Katikati, yaani 7, ni hali ya kati. Chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni tofauti ya mara 10: kitu chenye pH 5 kina ukolezi wa ioni za haidrojeni mara 10 kuliko chenye pH 6. Udongo ukishuka chini ya takriban 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kudhuru mizizi.

Wahaya hutofautisha *kibanja* na *rweya*. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Mvua inayonyesha juu yake ni moja, na mara nyingi mwamba uliozaa udongo wake ni mmoja, lakini rutuba yake haifanani. Kibanja kimelishwa kizazi baada ya kizazi kwa samadi, nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, maganda ya ndizi na majivu ya jikoni. Majivu hayo yana karbonati ya potasiamu na kampaundi za kalsiamu, ambazo hupunguza asidi ya udongo. Aliyemwaga majivu chini ya mgomba alikuwa akitumia *al-qaly* kwa maana yake ya asili, ijapokuwa neno hilo hakulijua.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa vitu vya nyumbani. Achanganye majivu na maji, ayaache yatulie, kisha ayachuje. Apake manjano iliyolowanishwa kwenye karatasi nyeupe na kuiacha ikauke. Tone la maji ya majivu litaigeuza rangi ya njano kuwa nyekundu ya udongo. Tone la ndimu mahali palepale litairudisha njano, kwa kuwa asidi imeondoa nguvu ya alkali. Kwa sababu hiyohiyo doa la mchuzi wenye manjano kwenye nguo nyeupe hugeuka jekundu likipakwa sabuni. Manjano, hata hivyo, haitenganishi asidi na maji ya kawaida. Kwa kazi hiyo inahitajika karatasi ya litmasi, ambayo huwa nyekundu katika asidi na buluu katika alkali.

Chachu, chungu, kakasi

Vitabu vya shule husema kwamba asidi ina ladha ya uchachu na alkali ladha ya uchungu. Mfasiri asiyachanganye maneno haya. *Uchachu* ni ladha ya ndimu, ukwaju na maziwa ya mgando. *Uchungu* ni ladha ya mwarobaini. *Ukakasi* ni hali ya kinywa kukauka na kukwaruza, kama alaye ndizi mbichi, na hauonyeshi asidi.

Aidha, nomino *chachu* humaanisha hamira, na kitenzi *chachuka* hutumika kwa unga, pombe na maziwa. Kikemia matukio hayo hayalingani. Rubisi, pombe ya ndizi ya Wahaya, hupatikana sukari ya ndizi inapogeuka kuwa alkoholi. Ikiachwa wazi kwa siku kadhaa, bakteria hutumia oksijeni ya hewa kuigeuza alkoholi hiyo kuwa asidi asetiki, ile iliyomo katika siki. Hapo ndipo rubisi huwa chachu kwa maana ya kemia.

Ukali upi?

Kivumishi *-kali* kinabeba mzigo mkubwa: pilipili kali, kisu kikali, jua kali, mbwa mkali, ndimu kali. Katika kemia kinaletwa kwenye dhana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Ya kwanza ni *nguvu* ya asidi: je, molekuli zake zote huachia ioni za haidrojeni ndani ya maji, au ni chache tu? Ya pili ni *ukolezi*: ni asidi kiasi gani iliyomo katika kiasi fulani cha maji? Wafasiri wengi huandika "asidi kali" kwa zote mbili, na msomaji hawezi kujua ni ipi inayosemwa.

Inapendekezwa itumike hivi:

- *asidi yenye nguvu*, kinyume chake *asidi hafifu*;
- *asidi iliyokolea*, kinyume chake *asidi iliyozimuliwa*.

Sentensi mbili zinatosha kuonyesha faida yake. "Asidi hidrokloriki iliyozimuliwa bado ni asidi yenye nguvu." "Asidi asetiki iliyokolea ni asidi hafifu, lakini huunguza ngozi." Ukiweka "kali" mahali pa vivumishi vyote viwili, sentensi ya kwanza itapoteza maana na ya pili itajipinga yenyewe.

*Tindikali* nalo linahitaji uangalifu. Katika magazeti limezoeleka katika habari za watu kumwagiwa kimiminika kinachounguza. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake lina tindikali, anaweza kuogopa kushika udongo wake. "Udongo wenye asidi" hueleza hali ileile bila kuongeza hofu isiyo na msingi. *Tindikali* libakie kwa asidi zinazounguza, kama ile ya betri ya gari.

Kwa nini inafaa kujali

Hofu ikizidi upande mmoja, hupungua upande mwingine, na huko ndiko kwenye hatari. Mtoto aliyefundishwa kwamba kikali ni kile kilicho chachu hatakuwa na hadhari na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Haina uchachu, na katika maji huteleza vidoleni kama sabuni. Utelezi huo wenyewe ni onyo: alkali imeanza kugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni. Majeraha ya alkali hupenya ndani, na jichoni yanaweza kuleta upofu. Huduma ya kwanza kwa asidi na kwa alkali ni ileile: maji safi mengi, bila kukawia na kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Hivyo maneno "chachu" na "chungu" yatumike kueleza vyakula ambavyo mtoto tayari anavijua, yasigeuzwe kuwa njia ya kupimia. Kitu kisichojulikana hakionjwi. Hupimwa kwa karatasi. Na siku ya kwanza ya somo, mwalimu anapoandika *alkali* ubaoni, aandike kando yake neno *majivu*. Katika jiko la Maruku mwanafunzi atakuwa ameyaona asubuhi hiyohiyo.