Je, Wajua? Kabureta na Hewa ya Kanyenye
Je, wajua ya kwamba Porsche 911 SC, gari lililompatia Vic Preston Jr., mzaliwa wa Nairobi, nafasi ya pili katika Safari Rally ya mwaka 1978, lilitoka kiwandani likiwa na mfumo wa kunyunyiza petroli kwa shinikizo, ilhali baadhi ya wenye magari hayo huona ni aula kuung'oa na kutia kabureta, chombo ambacho fundi aliyezowea pikipiki hukifungua kwa bisibisi tu?

Walakini taabu i pampuni. Pampu ya asili husukuma petroli kwa nguvu ipatayo baa 5, na kabureta, itoshekayo na robo ya baa, ikibebeshwa nguvu hiyo, sindano ya boya hushindwa kuziba, petroli ikafurika.

Tena Kanyenye, mjini Tabora, penye miembe ya zama za misafara, pako juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Bagamoyo kwa takriban sehemu moja katika kumi. Basi jeti ya kabureta, kitundu kipimacho petroli, iliyosifiwa pwani, ikifika huku, humwaga petroli kupita kadiri, na plagi hujaa masizi.